Dakika Moja ya Siki

Muuguzi mkunga anachovya pamba kwenye kibakuli cha chuma, anaiminya kidogo isichuruzike, kisha anaipeleka ndani taratibu kwa koleo refu. "Utasikia ubaridi, mama. Labda na muwasho kidogo. Usijibane." Halafu anatazama saa ya ukutani. Mwanamke aliyelala kitandani, khanga imefunika magoti, anahesabu vigae vya dari. Dakika moja inapita. Muuguzi anasogeza taa, anainama, anaangalia tena, na hapo jibu linajulikana: ama nyama ya mlango wa kizazi imebaki na rangi yake ya waridi, ama limetokea doa jeupe lenye kingo kali, kama tone la chokaa lililoangukia kitambaa.

Kilichomo kibakulini ni siki. Ni asidi ya asetiki iliyochanganywa na maji kwa kiwango cha asilimia 3 hadi 5, ukali uleule wa siki inayoingia kwenye kachumbari na achari. Seli zilizoanza kuharibika zimejaa viini na protini kuliko seli nzima. Asidi huzigandisha protini hizo kwa muda, mwanga ukashindwa kupenya, na eneo lote likageuka jeupe. Baada ya dakika chache weupe hufifia, mambo yanarudi kama yalivyokuwa. Hakuna maabara, hakuna chupa ya kupeleka mkoani, hakuna karatasi ya kusubiri.

Kipimo hicho cha saratani ya mlango wa kizazi wauguzi hukiita VIA, na kliniki zake nchini Tanzania zimezoeleka kwa jina la CECAP. Wanawake wengi wanaokipitia hudhani ni kitu cha juzi kilicholetwa na mradi fulani. Kumbe kina karibu miaka 100. Cha kushangaza katika historia yake ni ule muda wa takriban miaka 70 kilioutumia kusafiri kutoka mkononi mwa daktari wa Hamburg hadi mkononi mwa mkunga wa Harare. Siki ilikuwepo wakati wote. Taa zilikuwepo. Wakunga nao walikuwepo.

Daktari huyo wa Hamburg aliitwa Hans Hinselmann. Mwaka 1925 alibuni kolposkopu, lenzi kubwa zenye taa juu ya mguu wa chuma, ili autazame mlango wa kizazi kwa karibu kuliko mtu yeyote kabla yake. Aliamini kwamba saratani lazima ianze kama kitu kidogo, na kwamba kitu kidogo kinaonekana ukikikuza. Alipopaka asidi ya asetiki ili kuondoa ute uliokuwa ukimzuia kuona, aliona jambo ambalo hakulitafuta: sehemu zenye kasoro ziligeuka nyeupe. Miaka michache baadaye Walter Schiller wa Vienna alifanya jambo la namna hiyo kwa kutumia madini joto. Nyama yenye afya ina akiba ya sukari, kwa hiyo hufyonza madini joto na kuwa ya kahawia iliyokolea. Iliyo mgonjwa hukataa rangi na kubaki ya manjano. Vipimo vyote viwili vinatumika hadi leo.

Vitabu vya kiada kwa muda mrefu vilimtaja Hinselmann kama baba wa fani, vikaishia hapo. Yaliyobaki ni mazito. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, daktari mkuu wa kambi ya Auschwitz, Eduard Wirths, alikuwa na ndugu yake Helmut, daktari wa magonjwa ya wanawake huko Hamburg aliyekuwa akishirikiana na Hinselmann. Katika jengo namba 10 la kambi ile, wafungwa wanawake wa Kiyahudi walilazwa chini ya kolposkopu, wakapakwa asidi, na waliotokewa na weupe walikatwa milango ya vizazi vyao, nyama ikapelekwa Hamburg kuchunguzwa. Hinselmann mwenyewe alipatikana na hatia baada ya vita, kwa kosa jingine: kuwafunga uzazi wanawake wa Kiroma kwa nguvu.

Hata spekulamu, kile kifaa chenye umbo la mdomo wa bata kinachofungua njia ili muuguzi aone, ina kivuli chake. Mmoja wa waliosukuma mbele utengenezaji wake alikuwa James Marion Sims wa Alabama, Marekani, ambaye katika miaka ya 1840 aliwafanyia majaribio ya upasuaji wanawake watumwa tena na tena bila dawa ya usingizi. Majina ya watatu kati yao yamesalia kwa sababu Sims mwenyewe aliyaandika: Anarcha, Betsey na Lucy. Hawakuulizwa. Ukifuatilia fani hii tangu mwanzo, utakutana na wanawake wengi wa namna hiyo.

Kuna mmoja aliyeridhia, na historia yake inafurahisha zaidi. Mwaka 1913 kijana wa Kigiriki, George Papanicolaou, alishuka New York na mkewe Andromachi wakiwa na fedha kidogo na Kiingereza kidogo zaidi. Mke alipata kazi ya kushona vifungo katika duka kubwa. Mume alijaribu kuuza mazulia dukani humo, akaacha upesi. Hatimaye alipata nafasi katika Chuo Kikuu cha Cornell, akichunguza simbilisi (guinea pig) wa maabara. Alitaka kujua siku ambayo yai lao linapevuka bila kuwaua, akatumia kifaa kidogo cha kupimia pua kuchukua ute wao na kuutazama kwa hadubini. Kutoka kwa simbilisi alihamia kwa binadamu, na binadamu wa kwanza alikuwa mkewe. Andromachi alitoa sampuli kwa zaidi ya miaka 20.

Mwaka 1928 Papanicolaou aliueleza mkutano wa madaktari huko Battle Creek, Michigan, kwamba seli za saratani zinaonekana katika ute huo. Hawakumjali. Mwaka huohuo Aurel Babeș wa Romania naye alichapisha matokeo ya kazi yake iliyofanana na hiyo, naye pia hakusikilizwa. Ilibidi kusubiri hadi 1941, Papanicolaou aliposhirikiana na daktari Herbert Traut, ndipo wakubwa wa tiba walipoinua vichwa. Kipimo kikapewa kipande cha jina lake, Pap, na baada ya vita kikaenea. Jimbo la British Columbia nchini Kanada lilianza nacho mwaka 1949. Finland ilianzisha mpango wa taifa zima katika miaka ya 1960, na baada ya muda ugonjwa huo ukapungua huko kwa takriban asilimia 80.

Ushindi huo ndio uliosababisha kolposkopu na siki yake kusukumwa pembeni. Katika nchi tajiri, siki ikawa kitu cha hatua ya pili: kwanza Pap, halafu mwenye matatizo ndiye apelekwe kwa bingwa mwenye lenzi. Mpangilio ule ulikuwa mzuri kwao. Tatizo ni kwamba ulipelekwa kila mahali kana kwamba ndio pekee uliopo.

Mtu akitaka kuelewa kwa nini Pap haikushika mizizi Afrika, aihesabu kwa safari. Safari ya kwanza, mama anakwenda hospitali, anasubiri, anachukuliwa sampuli. Sampuli inapakwa kwenye kioo, inakaushwa, inapelekwa mji wenye maabara. Huko inatiwa rangi hatua kwa hatua, inasomwa na mtaalamu aliyefunzwa kutofautisha seli na seli, kisha inathibitishwa na daktari wa patholojia, kama yupo. Jibu linarudi baada ya wiki, au miezi. Safari ya pili, mama anafuata jibu. Likiwa baya, safari ya tatu ni kwa bingwa mwenye kolposkopu, ya nne ni kusikia kinyama kilichokatwa kimesemaje, ya tano ni matibabu. Kila safari ina nauli yake, na siku ya shamba au ya genge iliyopotea. Kwa Kiswahili cha madirishani, Pap ni kipimo cha "njoo kesho".

Wengi hawakurudi, na faili zao zilibaki kabatini na jibu ndani yake. Si ajabu basi kwamba kwa miaka mingi, kipimo hicho katika Afrika Mashariki kilikuwa cha wanawake wa mijini wenye daktari wao, huku wengine wakikutana na ugonjwa huo pale damu ilipoanza kutoka bila mpangilio.

Mlango ulifunguliwa kidogo mjini Florence, Italia. Mwaka 1982 madaktari wawili, Ottaviano na La Torre, walichapisha matokeo ya kuwapima wanawake 2,400 kwa namna mbili baada ya kupaka asidi: kwa kolposkopu, na kwa macho yao tu. Sehemu kubwa mno ya yale yaliyoonekana kwa lenzi yalionekana pia bila lenzi. Ni makala fupi isiyo na makeke, na pengine waandishi wake hawakufikiria kabisa zahanati ya kijijini Afrika. Lakini ilikuwa imesema jambo kubwa: mashine ya Hinselmann inaweza kuachwa, siki ikabaki.

Jambo la pili, yaani daktari naye anaweza kuachwa, lilijibiwa Zimbabwe.

Kuanzia Oktoba 1995, Chuo Kikuu cha Zimbabwe na shirika la JHPIEGO la Marekani walifanya utafiti katika zahanati 15 za Harare na mji jirani wa Chitungwiza. Wapimaji walikuwa wauguzi wakunga, watu walewale waliokuwa wakizalisha na kuchanja watoto. Walipima wanawake 10,934 kwa siki na kwa Pap pia. Matokeo yalitoka mwaka 1999 katika jarida la Lancet. Katika awamu ya pili ya utafiti, ambako majibu yalihakikiwa kwa kolposkopu, kati ya kila wanawake 100 waliokuwa na vidonda vya hatari siki iliwabaini 77, Pap ikawabaini 44. Takwimu hiyo ya Pap iliwashtua wengi, kwa kuwa ndicho kipimo kilichokuwa kikitajwa kama kigezo cha ubora.

Siki ilikuwa na udhaifu wake, na haifai kuufunika. Kati ya kila wanawake 100 wasio na tatizo, ilitia shaka kwa 36 hivi, ilhali Pap ilikosea kwa tisa au kumi tu. Uambukizo wa kawaida, mchubuko, hata mabadiliko ya umri yanaweza kuleta weupe. Jicho hujifunza kutofautisha, lakini jicho pia huchoka, hupewa taa hafifu, na hukaa miezi bila mtu wa kulisahihisha. Waliopinga walikuwa na hoja hiyo, na walikuwa na nyingine ambayo ilisemwa kwa sauti ya chini: kwamba wanawake wa nchi maskini wanapewa dawa ya maskini. Ni hoja ya kuheshimiwa. Ila mara nyingi ilitolewa na watu ambao wake zao hawakuwahi kusubiri kioo kirudi kutoka mkoani.

Mwaka huo wa 1999, kwa fedha za mfuko wa Gates, mashirika matano yaliungana kutafuta jibu kwa majaribio makubwa. India ndiyo iliyobeba mzigo mkubwa. Katika vitongoji duni vya Mumbai, hospitali ya Tata Memorial ilikuwa imekwisha kuanza mwaka 1998 jambo lililokwenda mbali kuliko Harare: wapimaji hawakuwa hata wauguzi. Walikuwa wanawake wa kawaida waliofika darasa la kumi, wakapewa mafunzo ya wiki nne. Wanawake wapatao 75,000 waliwekwa katika kundi la kupimwa kila baada ya miaka miwili, mara nne. Wengine 76,000 walipewa elimu tu. Vifo katika kundi la kwanza vilipungua kwa asilimia 31. Katika wilaya ya Dindigul, jimbo la Tamil Nadu, ambako wauguzi waliwapima kwa siki wanawake zaidi ya 30,000 mara moja tu, vifo vilipungua kwa asilimia 35.

Hao 76,000 wa upande wa pili wamezua malalamiko yasiyokwisha. Kundi la kulinganisha halikupimwa, na baadhi yao walikufa kwa ugonjwa ambao watafiti walijua unaweza kuonekana mapema. Malalamiko yalifikishwa kwa wasimamizi wa maadili. Watetezi walijibu kwamba wanawake wa mitaa ile hawakuwa wakipimwa kabisa kabla ya hapo, kwa hiyo hakuna walichonyang'anywa. Jibu hilo linaeleweka kisheria. Kwa mtu aliyekwisha kusoma habari za Anarcha na za jengo namba 10, haliishi kukwaruza.

Jaribio la tatu la India, la Osmanabad katika jimbo la Maharashtra, liliwaharibia wapenzi wa siki. Lilihusu wanawake zaidi ya 130,000 wa vijijini, likalinganisha siki, Pap na kipimo kipya kinachotafuta chembe za kirusi kinachosababisha saratani hiyo. Matokeo ya 2009 yalionyesha kwamba kipimo cha kirusi, kikifanywa mara moja tu, kilipunguza vifo kwa karibu nusu. Siki na Pap havikuonyesha tofauti ya maana.

Tutarudi hapo. Kwanza kuna suala la safari.

Kuona doa ni nusu ya kazi. Mwenye doa akiambiwa aende hospitali ya rufaa, "njoo kesho" imerudi kwa mlango wa nyuma. Jawabu lilipatikana katika mkoa wa Roi Et, kaskazini-mashariki mwa Thailand, mwaka 2000. Wauguzi wa pale walipima wanawake 5,999, na waliofaa walitibiwa palepale, dakika hiyohiyo, kwa tiba mgando: ncha ya chuma iliyopozwa na gesi hugusishwa kwenye doa kwa dakika tatu, huachwa dakika tano, kisha hugandishwa tena dakika tatu. Seli mbaya hufa kwa baridi na kutoka zenyewe kama majimaji kwa wiki kadhaa. Kati ya wanawake 618 waliostahili kutibiwa siku ileile, 609 walikubali. Madhara makubwa hayakuonekana.

Ilipofika kwetu, tiba mgando ilileta adha ambayo haikuandikwa sana katika majarida: mtungi. Gesi yenyewe ni kabonidioksidi, ileile inayotia povu kwenye soda. Mtungi ni mzito, unataka gari, na unaisha katikati ya foleni. Muuguzi aliyekwisha kuona doa, akageuza koki, akasikia kimya, hubaki hana la kusema ila maneno yaleyale mawili.

Dawa ya adha hiyo nayo ilikuwa imelala kabatini. Mjerumani Kurt Semm, yule aliyekuja kuwa wa kwanza kuondoa kidole tumbo kwa upasuaji wa matundu madogo, alibuni mwaka 1966 kifaa kinachounguza doa kwa joto badala ya baridi. Kilitumika Uingereza kwa miaka, kwingine kikasahaulika. Kilifufuliwa kwa sababu hakihitaji gesi. Matoleo ya sasa yanatoshea kiganjani, yanaendeshwa kwa betri, na kazi huchukua dakika moja au zaidi kidogo. Shirika la Afya Duniani lilikipa mwongozo wake mwaka 2019, miaka 53 baada ya Semm.

Kusini mwa mpaka wetu, Zambia ilikuwa na haraka kuliko wote, kwa sababu mbaya. Mwanamke anayeishi na virusi vya UKIMWI ana uwezekano mara sita hivi zaidi wa kupata saratani ya mlango wa kizazi. Dawa za kupunguza makali zilipoanza kupatikana, wanawake waliookolewa na UKIMWI walianza kufa kwa ugonjwa huu. Mwaka 2006 madaktari Groesbeck Parham, aliyetoka Alabama, na Mulindi Mwanahamuntu wa Lusaka waliweka huduma ya siki ndani ya kliniki za umma, pembeni mwa zile za dawa za virusi. Kila muuguzi alipewa kamera ya kidijitali ya kawaida. Alipaka siki, alipiga picha, akaikuza kwenye kioo cha kamera. Kama alikuwa na shaka, picha ilimfikia daktari. Na mwanamke mwenyewe aliweza kuinuka, akajifunga kitenge chake, akaoneshwa picha ya mahali ambapo hajawahi kupaona maishani mwake. Waelimishaji waliokuwa wakizunguka masokoni walikuwa wanawake wa mitaa ileile. Katika miaka mitano ya kwanza walipimwa wanawake zaidi ya 58,000. Mradi huo ukavuta wakubwa: mwaka 2012 aliyekuwa Rais wa Marekani, George W. Bush, alikuwa Kabwe na brashi mkononi akisaidia kupaka rangi kituo cha afya cha Ngungu ili kitoe huduma hiyo.

Dar es Salaam ilikuwa imekwisha kuanza, bila wageni wa namna hiyo. Taasisi ya Saratani Ocean Road imo katika majengo ya hospitali ya Wajerumani iliyofunguliwa 1897, yenye kuta nene na veranda zinazopokea upepo wa bahari. Robert Koch, bingwa wa kifua kikuu, alifanya kazi katika mji huu enzi hizo. Ikawa taasisi inayojitegemea mwaka 1996. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya wagonjwa wake wamekuwa wanawake wenye saratani hii hii moja, wengi wakifika hatua ya tatu au ya nne, baada ya kupita kwa mganga, duka la dawa, zahanati na hospitali ya wilaya. Mwaka 2002 taasisi ilifungua kliniki ya kuwapima wasioumwa. Ndani ya uzio mmoja kukawa na foleni mbili. Wauguzi wake walipima wanawake zaidi ya 10,000 wa miaka 25 hadi 59 katika kazi iliyochapishwa 2010, na mpango wa kwanza wa taifa, wa 2011 hadi 2015, uliifanya siki kuwa kipimo cha nchi nzima.

Kilichofuata kilikuwa kazi ya maneno kuliko ya vifaa. Tatizo moja limo ndani ya lugha. Watanzania wengi husema mlango wa kizazi, Kenya na baadhi yetu husema shingo ya kizazi. Na kizazi ni tumbo la uzazi, ni uwezo wa kuzaa, ni watoto na wajukuu wote kwa pamoja. Mwanamke akiambiwa aende akaangaliwe kizazi, haoni kipande cha nyama kisichozidi upana wa sarafu kubwa. Anaona ukoo wake mezani. Uvumi kwamba "wanatoa vizazi" haukuhitaji mtu mwovu wa kuutunga. Neno lenyewe liliubeba.

Na hapa ile hesabu ya safari inageuka. Aliyegandishwa au kuunguzwa doa huambiwa akae wiki nne bila kukutana na mumewe, au watumie kondomu. Maneno hayo mepesi kwenye karatasi huwa jabali nyumbani. Ndiyo maana kwenye kliniki zetu, muuguzi akiwa tayari na kifaa kikiwa na chaji, mara nyingi ni mama mwenyewe anayeshuka kitandani na kusema: "Ngoja kwanza nikaongee na baba watoto. Nitarudi." Wapo wanaorudi. Kliniki zilizopata akili zilianza kumwalika mume siku ya kwanza, au angalau kumpigia simu mama akiwa bado amekaa pale, jambo ambalo hakuna jarida la London lingelifikiria kuwa sehemu ya tiba.

Turudi kwenye kirusi. Mwaka 1983 na 1984 Mjerumani Harald zur Hausen na wenzake walitenga aina mbili za kirusi cha papiloma, HPV 16 na HPV 18, kutoka kwenye saratani hii, kazi iliyompa Tuzo ya Nobel 2008. HPV 18 ilikutwa pia ndani ya seli za HeLa, zinazokuzwa katika maabara za dunia nzima. Seli hizo zilitoka kwa Henrietta Lacks, mama Mmarekani mweusi aliyefariki kwa saratani ya mlango wa kizazi mwaka 1951 hospitalini Baltimore. Naye hakuulizwa.

Kujua kirusi kulileta chanjo, ambayo Rwanda iliitoa nchi nzima tangu 2011, Tanzania 2018 na Kenya 2019. Utafiti wa Kenya uitwao KEN-SHE, uliofanyika Thika, Nairobi na Kisumu, ulisaidia kuonyesha kwamba dozi moja inatosha. Hiyo ni habari njema kwa mabinti. Msichana wa miaka 14 aliyechanjwa Tanzania mwaka 2018 atafikisha miaka 30 mwaka 2034. Mama yake yuko nje ya hesabu hiyo, na makadirio ya 2020 yalikuwa wagonjwa wapya zaidi ya 10,000 na vifo takriban 6,500 kwa mwaka nchini Tanzania peke yake.

Kwa akina mama hao, kipimo cha kirusi ndicho kinachoisukuma siki pembeni. Katika kitongoji cha Khayelitsha, mjini Cape Town, wanawake 6,555 walipimwa kuanzia mwaka 2000. Miezi sita baada ya kugawanywa katika makundi, vidonda vya hatari vilikutwa kwa asilimia 0.8 ya kundi la kipimo cha kirusi, asilimia 2.2 ya kundi la siki, na asilimia 3.6 ya kundi lililocheleweshewa tiba. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kipimo cha kirusi kiwe cha kwanza popote kinapowezekana. Zaidi ya hapo, kina jambo ambalo halikupata kuwepo tangu enzi za Sims: mwanamke anaweza kuingia nyuma ya pazia peke yake, akachukua sampuli kwa brashi ndogo, akaikabidhi. Hakuna mdomo wa bata, hakuna mtu wa kumtazama. Mashine za GeneXpert zilizoletwa wilayani kwa ajili ya kifua kikuu zinaweza kuisoma kwa saa moja hivi, iwapo vibweta vyake vipo na mashine haijajaa makohozi ya wagonjwa wengine. Visipokuwepo, mama ataambiwa arudi.

Na akirudi, akaambiwa kirusi kipo, bado kuna mtu lazima aangalie kama doa lipo, ni kubwa kiasi gani, na kama kile kifaa cha betri kitalifunika lote au apelekwe Ocean Road. Kwa hiyo kibakuli kinatolewa tena kabatini. Pamba inachovywa, inaminywa isichuruzike. Muuguzi anamwambia atasikia ubaridi, kisha anatazama saa.